Bangili Juu ya Kristali

Fundi gani husahau sheria ya kwanza ya kazi yake? Zakaria, huyo! Vidole vyake vinajua waya kuliko kijiko, lakini mchana ule, mvua ikipiga mabati ya materinite, wodi ya wazazi ya mtaa wa Simi-Simi, alikuwa anabahatisha tu.

Binti yake Madina alizaliwa kabla ya wakati. Umeme ulikatika, mashine ya joto ikazima, akalazwa katikati ya chupa za maji ya moto. Joto likipungua atakufa, likizidi ataungua, na kipimajoto cha wodi kilivunjika juzi. Zakaria alikuwa na chake: kristali ndogo na bobini ya waya mwembamba uliozungushwa, vimeshonewa kwenye kitambaa kifuani pa mtoto. Unaleta bobini ya pili kwa juu, unaipigia kristali wito. Inatikisika, inajibu, na katika jibu lake unasoma joto. Asubuhi ilijibu vizuri. Sasa kimya.

"Niongeze maji ya moto ao niache?" akauliza muuguzi, Mama Josée.

"Ngoja kwanza!"

"Ningoje nini? Mashine yako haiseme kitu!"

Akakaza nyaya, akabadilisha betri, akaitukana mvua. Roho ilikuwa mkononi. Ya Rabi, mtoto anakufa nami nabonyeza vifungo!

Nadia, mkewe, akamfunua mtoto kidogo. "Papa Madina, na hii? Iko hapa tangu uliiweka."

Bangili ya shaba ya marehemu mama yake Zakaria, ambaye mtoto amerithi jina lake. Kwao, mtoto anayerithi jina hulala na kitu cha mwenye jina mpaka siku ya saba, na Zakaria mwenyewe ndiye aliyeiweka adhuhuri, juu ya kitambaa, bibi amlinde mjukuu. Duara zima la shaba katikati ya bobini mbili! Linameza wito wote. Jamani, wanafunzi wake hufundishwa hilo wiki ya kwanza.

Akaitoa. Kristali ikajibu papo hapo: nyuzi thelathini na tatu. Mtoto alikuwa anapoa muda wote ule.

Mama Josée akakimbilia maji. Zakaria akavua shati, akambandika mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, Nadia akashika bobini.

"Soma."

"Thelathini na tatu."

"Soma tena!"

"Thelathini na tatu, Papa Madina."

Akalia bila aibu. "Mama," akamwambia marehemu, "umemushika sana. Nakuomba, umuachilie."

Nadia akaisogeza bobini tena.

"Na nusu," akasema. "Thelathini na tatu na nusu."