Kigogota wa Upande wa Kushoto

Hakuna mtu Manyatta nzima aliyewajua vigogota kama Ruguru. Dume alikuwa na utosi mwekundu, jike hana. Dume alianza kazi saa kumi na mbili na robo asubuhi, jike alichelewa kidogo, na wote wawili walikuwa wametoboa shimo lao kwenye mti wa mukima uliokauka kule uani, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha baba yake. Picha zao zilikuwa mia tatu na kitu kwenye kamera. Msimwonee wivu. Mtu huwajua ndege wawili kiasi hicho akiwa hana pengine pa kwenda.

Kamera yenyewe aliletewa na kaka yake Ireri, mtu wa ofisi Nairobi. Aliileta Krismasi, imeshatumika, akasema, "Hii itakupea kitu ya kufanya." Kana kwamba kukamua ng'ombe, kufua mashuka, kumgeuza mzee kitandani na kumlisha uji kijiko baada ya kijiko kulikuwa mapumziko. Ireri alikula nyama, akapiga picha ya ndama, akarudi zake Nairobi.

Baba yao, Mzee Nyamu, alipigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mguu ulirudi kiasi cha kumfikisha chooni akishikiliwa, lakini mkono wa kulia ulikufa kabisa. Na wa kushoto, alisema, haukuzoea kijiko, ulimwaga kila kitu. Basi akawa analishwa. Na si na yeyote tu. Jirani yao Wambura, mjane mwenye roho safi, alijitolea mara nyingi kuja kushinda naye, lakini mzee alifumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Alikubali mkono wa Ruguru peke yake. Alimwita "mama", kwa kuwa ndiye aliyepewa jina la mama yake mzazi, na zamani Ruguru alilipenda jina hilo. Siku hizi lilimchosha. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume, hana mtoto, na ana mwana mmoja wa miaka sabini na sita.

Picha zake alikuwa akizituma kwenye kundi la wapenda ndege kwenye simu. Huko ndiko alikoonwa na Kajuju, mwanamke wa Kanyakine aliyekuwa akikusanya vijana na wasio vijana sana kuwafundisha kazi ya kuongoza wageni msituni. Miezi mitatu ya mafunzo, malazi yapo, kisha kazi. Ruguru alipangiwa mwezi wa pili, hakwenda. Akapangiwa mwezi wa tano, hakwenda. Sasa Kajuju alikuwa amempigia na kusema bila kuzunguka, "Dada, Jumatatu saa sita. Usipokuja nitapea mtu mwingine hiyo nafasi, na usinikasirikie."

Mtauliza kilichomzuia hizo mara mbili. Kigogota.

Wazee wa kwao walishika mwiko huo: ukitoka kwenda safari, kigogota akagonga upande wako wa kushoto, unarudi ndani na kuvua viatu. Mzee Nyamu alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya miiko aliyakemea hadharani Jumapili. Lakini huu aliushika, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu mke wake alitoka asubuhi kwenda sokoni Runyenjes, kigogota akagonga kushoto, yeye akacheka, akaenda, na gari likamwua. Hivyo ndivyo mzee alivyosimulia. Ruguru alikuwa na miaka tisa. Mwezi wa pili alipovaa viatu, ko-ko-ko-ko, kushoto. Mwezi wa tano vilevile. Mara zote mbili alirudi ndani akavua viatu, akajichukia kwa kuogopa, na akaogopa tu.

Jumatatu ikafika. Begi lilikuwa mlangoni, Wambura alikuwa ameahidi kufika saa mbili, na uji ulikuwa jikoni ukipoa. Ruguru alichukua kamera akaenda kujibanza nyuma ya zizi, kama afanyavyo kila siku, awapige wale ndege picha ya mwisho. Moyoni alikuwa anamwomba yule dume. Nyamaza leo tu. Leo tu, halafu ugonge mpaka mdomo uchakae.

Dume akatoka shimoni, akajishikilia kwenye shina. Ndani ya nyumba baba akaita, "Mama!" Hakujibu, asimtishe ndege. Baba akaita tena. Halafu ikaja: ko-ko-ko-ko-ko.

Machozi yalimtoka papo hapo. Kidole chake kikabonyeza kwa mazoea tu. Lakini jicho lilikuwa kwenye kamera, na kwenye kamera yule ndege alikuwa ametulia tuli, mdomo mbali na mti, shingo kaigeuza kuelekea nyumbani. Ko-ko-ko-ko, ikagonga tena. Ndege hakusogea. Aliposikia mara ya tatu ndipo akainama na kujibu, kama jirani aliyebishiwa hodi.

Ruguru akaitafuta ile picha akaivuta karibu. Nyuma ya ndege lilikuwapo dirisha la baba, limefunguliwa kidogo. Mkono ulitokeza pale, umekamata fimbo, unagonga ubao wa dirisha. Ulikuwa mkono ambao kidole chake kidogo kilikatwa nusu na mashine ya kumenyea kahawa, miaka ile baba alipofanya kazi kiwandani. Ruguru alikuwa ameuosha kila asubuhi kwa miaka mitatu. Ulikuwa wa kulia.

Alikaa chini kwenye samadi, na suti yake ya safari. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Mambo mengi yakajipanga yenyewe: kwa nini mukima mkavu haukukatwa kuni wakati kila mtu hukata wake mara tu ukikauka, kwa nini mzee alitaka kitanda kiwe dirishani. Hata ile habari ya mama yake sasa hakujua kama aiamini.

Akajifuta, akachukua uji, akaingia. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, umekufa vizuri sana.

"Mama, umeskia?" mzee akasema. "Amegonga. Upande ya kushoto."

Ruguru akamwonyesha picha. Mzee aliitazama, kisha akautazama mkono wake.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka jana. Ile mvua ya mwezi wa kumi. Ilianza kidole moja."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeenda." Akalia, mzee mzima, bila kujificha. "Ireri alienda. Mama yako alienda. Mimi naogopa hii nyumba ikinyamaza."

Ruguru alimhurumia. Alimpenda, na hilo ndilo lililomfunga kuliko mwiko wowote. Alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na alijua kwamba akifanya mojawapo hataondoka tena. Mzee, kwa mazoea, akafungua mdomo kungoja kijiko.

Ruguru akaliweka bakuli mezani. Kijiko akakiweka upande wa kulia.

"Wambura anakuja saa mbili," akasema. "Uji usipoe."

Akatoka, akasimama uani, begi mkononi, miguu haitaki. Kushoto kwake kigogota alianza kugonga, wa kweli sasa, chembe za mti zikimwagika chini. Hakumtazama. Alikuwa anasikiliza dirishani.

Ilichukua muda. Kisha kijiko kikagonga bakuli, mara moja, halafu tena. Ruguru akafungua lango.