Kipimo cha Baba Charudiwa

Mwanafizikia mmoja alikuwa na baba mbishi, na yeye ubishi akaurithi wote. Si mchezo! Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza maabarani kwao kusema kwamba viini vizito vya atomi vikigongana kwa kasi huzaa tone la moto wa ajabu, na michirizi ya chembe inayojaribu kulipenya hufifia humo humo. Akapigiwa makofi. Baadaye masengenyo yakaanza: eti alilinganisha na nini? Migongano ya protoni tupu, ile ya kulinganishia, haikuwa imepimwa kwa nishati ileile, aliikadiria. Kama alikadiria ovyo, basi ufifiaji wote ni hewa, na jina la mzee ndiyo basi tena.

Sasa protoni zimepimwa, na binti ndiye aliyeomba kurudia hesabu.

"Utambeba baba yako," mkuu wa kikundi akamwambia kavukavu.

"Basi nifungeni macho."

Wakamfunga kweli. Mkuu aliingiza kwenye kompyuta namba ya siri iliyopotosha jibu, ili binti, apende asipende, asiweze kulivutia kwa baba. Binti alihakiki kila hatua hivyo hivyo, bila kuliona jibu la kweli, hadi akatangaza mbele ya wote: nimemaliza, sigusi tena.

Siku ya kufungua, mzee alikaa mstari wa mbele, suti imepigwa pasi ikanyooka. Mkuu akaiondoa namba yake, jibu la kweli likatokea ukutani.

Binti akalisoma. "Michirizi inafifia, hilo halina ubishi tena. Lakini baba alisema katika kila mitano tunayoitarajia, unatoka mmoja tu. Si kweli. Ni mmoja katika kila mitatu. Makadirio yake ya protoni yalizidi. Baba, ulikosea."

Lo! Mbele za watu! Mkuu akaanza kukohoa, akitafuta neno la kumsitiri mzee.

Mzee hakusubiri kusitiriwa. Alisimama, akageukia ukumbi, kifua mbele.

"Mmemsikia? Miaka yote mnanisengenya, hakuna hata mmoja wenu aliyeweza kuniambia nimekosea wapi na kwa kiasi gani. Kaweza huyu. Na huyu ni wangu mimi! Kipimo changu kitupeni, kuanzia leo tumieni chake."

Binti aliona fahari hadi akashindwa kuendelea na mchoro wa pili wa matokeo yake.