Samaki Wenye Mayai

Jumamosi Mzee Emery angetimiza miaka sabini, na mkewe Perpétue alikuwa amemwahidi siku nzima ya kuvua, kama zamani kule Uvira. Basi barafu ilipoyeyuka tu, akaketi na binti yake Christelle nyumbani kwao Tumba, katika nchi ya baridi walikohamia, wachague mashua ya kukodi.

Nahodha wa kwanza aliandika kwenye tangazo lake kwamba samaki wenye mayai hurudishwa majini.

"Eti tumvulie, halafu atufukuze mikono mitupu?" Perpétue aliguna. "Kitendawili: nimealikwa karamuni, nikapiga picha na chakula, nikarudi na njaa!"

"Mama, ndivyo wanavyofanya huku."

"Huyo hawarudishi, anawauza tukishaondoka. Mpigie wa pili."

Wa pili alicheka kwenye simu, na Christelle akafasiri: "Anasema tuchukue wote, hata wenye mayai. Nani atatuona?"

Maneno hayo hayo Perpétue alikuwa ameyasikia kwa wavuvi wa kwao, miaka michache kabla baba yake hajaanza kurudi na nyavu tupu. Na anayeficha samaki, atashindwa kuficha tundu la mashua?

"Kata simu," alisema. "Mwandikie yule mchoyo wa kwanza. Na umwulize jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi. Bado simwamini."