Nafasi ya Jumatano

Hodi ilipigwa saa nane mchana, Mwanvua akiwa na mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Alipotoka barazani alimkuta mzee asiyemjua, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, viatu vimejaa vumbi jekundu, mfuko wa maharage begani.

"Hapa ndipo Rusimbi, kwa dada Mwanvua, nyumba ya mlango wa kijani?"

"Ndipo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni Bonifasi. Bon wa Kasulu."

Mwanvua alishika mdomo. Bon wa Kasulu! Yule wa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya wa chuo cha mtandaoni, fundi wa kutuma vichekesho, ambaye juzi tu Mwanvua alikuwa amemwandikia, "Kijana, acha uvivu, jisajili!" Kijana mwenyewe alikuwa na mvi kichwa kizima.

"Nisamehe, baba. Nilikuita kijana."

"Usinivue ujana wangu!" Mzee alicheka. "Mke wangu nimemsomea ujumbe huo mara tatu." Kisha akatua mfuko chini, uso ukatulia. "Uliandika kwamba atakayekwama aje kwako, hatatoka hajajisajili. Nimekwama, binti yangu. Nimekuja."

Kweli aliandika. Lakini aliandika kama mtu anavyomwambia jirani apitaye "karibu chakula", huku akijua sufuria ina cha watu wawili. Nani huacha safari yake akaingia? Huyu alikuwa ameingia. Amepanda basi alfajiri kwa maneno yale tu.

"Karibu ukae," alisema, na safari hii alikuwa na maana yake yote.

Usajili ulikuwa unafungwa siku hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni. Kijijini kwa mzee mtandao huja na kuondoka kama kuku wa jirani. Kila alipofika katikati ya ukurasa, ulizimika. Kwa miaka sita alikuwa akifundisha watoto wa chekechea kwa kujitolea. Mwaka huu mwalimu mkuu alimweleza waziwazi kwamba asipoonyesha kuwa ameanza chuo, darasa litapewa mtu mwingine.

"Wangapi?" Mwanvua aliuliza.

"Arobaini na watatu. Wakiniona njiani wanaimba herufi, hata niwe natoka shamba na jembe."

Walipomaliza kula, Mwanvua aliitungua kalenda ukutani. Ilikuwa imejaa duara za kalamu ya buluu.

"Hizi ni mbalamwezi," alieleza. "Mwezi ukiwaka wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa hawafuati taa. Siku hizo mikono yangu mitupu, kwa hiyo kazi zote nzito za chuo nimezipanga humo. Usiku wa giza ukirudi, alfajiri niko ufukweni Kibirizi napokea dagaa, naanika vichanjani mpaka jioni. Na Jumamosi magari ya wanunuzi yanakuja. Hapo usiniambie habari ya kitabu."

"Kumbe unasoma kwa mwezi! Basi mimi nitasoma kwa maharage."

Wakapanga hivyo, kupalilia huku, kuvuna kule, na masomo matatu yakaingia bila shida. La nne lilikuwa Ukuaji wa Mtoto, somo la lazima, lenye kipindi cha moja kwa moja na mwalimu kila wiki. Makundi yalikuwa mawili. Jumamosi saa nne asubuhi, nafasi zipo. Jumatano saa mbili usiku, imejaa.

Mzee aliutazama ukurasa, akakunja mikono mapajani.

"Mimi ni Msabato, binti yangu."

Mwanvua alifungua upya kundi la Jumatano. Bado limejaa.

"Basi. Mungu akipenda, mwakani," mzee akasema, akaanza kutafuta kofia yake.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Mwanvua alikuwa kundi la Jumatano. Siku usajili ulipofunguliwa aliamka kabla ya adhana ili aipate nafasi ile, kwa ajili ya magari ya Kibirizi tu. Alihesabu Jumamosi za muhula kwenye kalenda, moja moja. Kumi na tano.

"Kaa kwanza, baba. Weka kidole hapa, kwenye neno Jisajili. Mimi nikihamia Jumamosi, nafasi yangu itakuwa ya yeyote atakayewahi. Nikisema sasa, bonyeza."

Mzee aliondoa kidole kama aliyegusa kaa la moto. "Nafasi yako? Hapana. Jumamosi ndiyo siku ya magari, umeniambia mwenyewe."

"Nawe umeniambia kuhusu watoto. Dagaa wakikaushwa vizuri wanangoja, baba. Watoto hawangoji."

"Nitakulipa nini mimi?"

"Jumatano usisinzie. Haya, kidole!"

Akajitoa. "Sasa!"

Mzee alibonyeza, akafumba macho. Ukurasa ukazunguka. Ukaonyesha nafasi moja, halafu haipo tena, na kwa kitambo hakuna aliyejua ni nani aliyeichukua. Kisha maandishi yakatokea, na mzee akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyowasomea watoto wake: "Bonifasi... umesajiliwa."

Akalitamka jina lake mara ya pili. Mwanvua alijifanya anatafuta kalamu.

Jumatano ya kwanza, saa tatu na nusu usiku, ujumbe uliingia: "Kijana hakusinzia."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa katikati ya wiki za giza, na dagaa walikuwa wamejaa vichanjani. Saa nne kasoro dakika mbili Yusta, jirani yake wa kichanja, alipiga simu kutoka Kibirizi.

"We Mwanvua, magari yamefika! Wanawaulizia dagaa wako. Wanataka kunipa bei ya kuokota. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Panda bodaboda, nitawazungusha maneno hata nusu saa!"

Mwanvua aliangalia ufunguo wa mlango, ukining'inia kwenye msumari karibu na kalenda. Nusu saa ingetosha.

"Wauzie, Yusta. Kwa bei yao."

Akakata simu, akafungua darasa. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuita majina.