Kohoeni, Wageni Wamefika

Wodi ya kifua ilibaki tupu, na aliyeumia zaidi alikuwa Bingwa.

Hilo lilikuwa jina la utani la daktari aliyeongoza utafiti wa kifua kikuu sugu, na alilipenda kuliko jina alilopewa na mama yake. Kwa miaka miwili alikuwa akijaribu matibabu mapya: vidonge vya miezi sita badala ya mwaka na nusu, tena bila zile sindano zilizowaacha wengi wakiwa viziwi. Matibabu yakafaulu. Wagonjwa kumi na mmoja wa kwanza walimaliza dozi, makohozi yao yakapimwa na kuonekana safi, wakaenda zao.

Ndipo ikaja barua kwamba wafadhili wanakuja Alhamisi kukagua.

"Wakague nini?" Bingwa alimfokea sista wa wodi. "Magodoro?"

"Si tuwaambie wamepona, Daktari?"

"Sista, mtu akikuta jiko halina moto, atajuaje kuna mpishi?"

Kwa hiyo akaanza kuwapigia simu waliopona, mmoja mmoja, hadi akamfikia fundi cherehani.

Fundi alikuwa amemaliza dawa miezi minne iliyopita. Hakuwa mtu wa kusahau fadhila. Isitoshe shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na ugonjwa uleule na angeanza vidonge hivyo Jumatatu. Na tuseme ukweli, Fundi alipenda kutazamwa.

"Kwa muda wa saa mbili tu," Bingwa alimwambia. "Ulale, ukohoe kidogo."

Mkewe aliposikia, akaweka pasi chini. "Mwaka mzima nimelala nimekupa mgongo, madirisha wazi, baridi inanitafuna. Leo unakwenda kukohoa kwa mwaliko?"

"Ni heshima kwa daktari, mama watoto."

"Heshima ungemshonea shati."

Alhamisi vitanda vyote vilijaa. Dereva wa lori alikohoa kama injini iliyokataa kuwaka. Mwalimu mstaafu alikohoa kwa vituo, akizingatia mkato na nukta. Fundi aliona wenzake wanalipua kazi, akatoa kikohozi kirefu, chenye pindo.

Kiongozi wa wageni, daktari mwanamke mfupi aliyevaa barakoa, alisimama mbele yake na orodha mkononi.

"Pole, baba. Dawa ulimaliza lini?"

Kuhusu tarehe, hakuna aliyemwagiza kudanganya. "Miezi minne iliyopita," alisema, akakohoa tena kwa msisitizo.

Yule mama akaandika. Kitanda kilichofuata, jibu lilelile na kikohozi kilekile. Alipofika cha sita akafunga daftari.

"Wamemaliza dawa na bado wako hivi? Tutawapima upya wote. Mpaka majibu yatoke, asianzishwe mgonjwa mpya."

Bingwa alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. "Ni hatua ya busara," akasema, akawaongoza wageni ghorofa ya tano kwenye kikao.

Fundi akamshika sista mkono. "Na shemeji yangu? Jumatatu?"

"Hakuna Jumatatu, Fundi. Ataanzishwa sindano za zamani."

Fundi akaruka kutoka kitandani. Lifti ilikuwa imebeba wageni, akakamata ngazi, huku gauni la hospitali limeachia nyuma na dunia yote ikiona alichoumbiwa. Ghorofa tano hakupumzika. Aliusukuma mlango wa kikao, akasimama.

"Mama, mimi ni mzima! Sote wazima. Tuliambiwa tukohoe."

Yule mama akamsogelea, akamwekea kifaa cha kusikilizia mgongoni, ambako hakukuwa na kitambaa cha kuzuia.

"Vuta pumzi. Tena." Akasikiliza muda mrefu. "Umepanda kwa ngazi?"

"Zote."

"Na nani aliwaambia mkohoe?"

Macho yote yakamwendea Bingwa. Bingwa akacheka, akapiga makofi. "Ndiyo sehemu ya mwisho ya maonyesho yetu! Tunaiita kipimo cha ngazi."

Yule mama hakucheka. Aliamuru makohozi yapimwe vilevile, na majibu yalichukua wiki mbili: kumi na moja, yote safi. Utafiti ukaendelea. Bingwa alipewa onyo kwa barua, akalikunja akalitia mfukoni. Mwaka uliofuata alialikwa ng'ambo kueleza kipimo cha ngazi, "kilichobuniwa na timu yetu", na picha ya Fundi ilikuwemo, imekatwa kuanzia kiunoni kwenda chini.

Shemeji alianza vidonge vyake na kupona. Lakini zile wiki mbili za kusubiri alizipitisha kwenye sindano, na sikio la kushoto halikurudi tena. Siku hizi ukimwita, sharti usimame kulia kwake. Ripoti ya Bingwa ina kurasa tisini. Sikio hilo halimo.