Nyumba Zote Juu ya Tangi

Kisiwani kwetu mtandao ulikuwa unashika mahali pamoja tu: juu ya tangi la zamani la maji, lile la zege. Tangi lenyewe lilishakauka. Watu walipanda pale kupiga simu, kubembeleza wachumba, kugombana na watoto wao walioko mbali, kisha wakashuka. Ukimkuta mtu ameinama pale juu na simu sikioni humsalimii. Unageuza uso, kama umemkuta chooni.

Mimi ni muashi. Shule niliiacha mapema, sikuikumbuka na yenyewe haikunikumbuka. Kusifu watu si kazi yangu. Lakini mdogo wa kike wa mke wangu nitamsifu, na asiyependa akalale.

Shemeji huyu alikuwa karani wa mradi wa umeme wa jua. Mradi wenyewe ni wa ubia: sisi, serikali, na watu wa kisiwa kingine kilicho mbali huko kwenye baridi, ambao nao walichoma dizeli miaka na miaka mpaka wakachoka. Walituahidi umeme wa jua kila nyumba, na mtandao wa uhakika juu yake, ili zahanati iweze kuongea na madaktari wa mbali na sisi tusipande tena tangi kama kuku wanaotafuta pa kulala. Lakini kwanza kila nyumba iandikishwe, kwa simu maalumu waliyotuletea. Shemeji akazunguka mlango kwa mlango, jua linamchoma, anaandika mwenye nyumba ni nani, watu wangapi, vyumba vingapi. Jioni anapanda tangi, anatuma.

Alipomaliza, ukaja ujumbe. Mwenyekiti aliusoma kwenye kibaraza cha duka, watu wamejaa. Ulisema kwenye ramani yao nyumba zote za kisiwa, zaidi ya mia tatu, ziko mahali pamoja pasipozidi ukubwa wa chumba. Wanashuku ni nyumba za kubuni. Mradi umesimama. Atakuja mtu wao kukagua, na akirudi na jibu baya, umeme unakwenda kisiwa kingine na karani anaachishwa kazi.

Watu wakamgeukia shemeji.

"Mdogo wangu," alisema Mwenye Duka, ambaye ni kaka mkubwa wa mke wangu na wa shemeji. "Yaani umetupanga kama dagaa kwenye kopo?"

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka.

"Nyumba zote nilizifikia. Yako pia, kaka. Nilikuomba maji, ukaniuzia."

Kicheko kikahama upande. Lakini watu walipotawanyika nilisikia wanavyonong'ona, na neno lenyewe lilikuwa "kala", yaani amekula hela za mradi. Kisiwa kidogo kina nafasi kubwa ya fitina. Shemeji aliingia kwetu akakaa jikoni na dada yake, hakutaka chai wala pole. "Niliandika nikiwa mlangoni kwa mtu," alikuwa akirudia. "Mlangoni kabisa."

Mkaguzi akaja na boti. Mrefu, amevaa soksi ndani ya kandambili. Kabla hajafika dukani alishaitwa Bwana Soksi. Kiswahili alikuwa amejifunza darasani, kimenyooka kama rula.

"Shikamoo, Bwana Fundi," aliniambia. Huenda namzidi mwaka mmoja. Nikaitikia marahaba. Heshima ya bure nani anaikataa?

Kwa shemeji alikuwa na adabu pia, lakini adabu ya polisi. Akamwonyesha alama kwenye simu yake. "Dada, ninaomba unipeleke kwenye nyumba zilizopo mahali hapa."

Shemeji akatazama. "Hapa ni kwenye tangi."

"Basi twende kwenye tangi."

Nikawafuata, kwa sababu sikumwamini. Juu tulimkuta mama mmoja anamfokea mwanawe, mwalimu anapokea mitihani, na kijana mmoja anaapa kwamba yule msichana ni binamu yake. Bwana Soksi alipokanyaga tu pale juu, simu yake, iliyokuwa kimya tangu ashuke botini, ikaanza kutetemeka na kulia kama mtoto mwenye njaa. Akaitazama. Akawatazama watu. Kisha akaitazama simu ya shemeji.

"Dada, unapotuma habari za nyumba, unakuwa wapi?"

"Hapa. Kwingine wapi?"

Akakaa chini kwenye zege, suruali yake safi na yote. "Simu hii inaandika mahali nyumba ilipo pale unapotuma," akasema. "Si pale unapojaza."

"Kwa hiyo nyumba ya mwenyekiti..."

"Ipo juu ya tangi."

"Na zahanati?"

"Juu ya tangi. Wahandisi wetu wamekwisha kuchora nguzo zote zikija hapa."

Yule mama akakata simu ili asikie vizuri. Mimi nilicheka mpaka nikashika chuma cha ngazi.

"Aliyetengeneza hicho kidude anaishi wapi?" nikamuuliza.

"Mjini. Kwake mtandao haukatiki hata bafuni." Uso ukamwiva. "Nilipaswa kufikiri. Mimi mwenyewe nimezaliwa kisiwani."

Akasimama, akamwambia shemeji kwamba hana kosa lolote, ataandika ripoti leo na kuondoka na boti ya kesho. Mimi nilishanyoosha mkono nimshukuru.

"Hapana," alisema shemeji.

"Samahani?"

"Mliandika kwamba nyumba hazipo. Ujumbe uliposomwa watu walikuwepo wote. Ukiondoka kimya kimya watasema nimekuhonga. Boti iache. Wenzako wairekebishe simu, halafu tuzunguke wote wawili, na hodi upige wewe. Kila mlango."

"Kila mlango?"

"Kila mlango, Bwana Soksi."

Jina lake hilo hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliiangalia miguu yake, akaelewa, akacheka. Na hapa naye nimsifu, maana angeweza kukataa. Mkubwa wake hakuwa pale kumlazimisha. Alipiga simu kwao palepale, wenzake wakaikalia kazi, na kesho yake simu ya shemeji ikawa inashika mahali mtu alipo mlangoni na kuhifadhi mpaka ikutane na mtandao. Boti ikaenda bila yeye.

Nikafunga kazi yangu kwenda kushuhudia. Bwana Soksi alipiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Soksi zenyewe alizivua mchana wa siku ya kwanza, malengelenge yamemjaa. Kwa mama yangu mzazi, mama alimtazama kuanzia chini hadi juu.

"Ndiye aliyesema sipo?"

"Ndiye, mama," nikajibu.

"Aje anishike mkono, tuone kama utapita hewani."

Akaushika kwa mikono yake miwili. "Upo, bibi."

"Ahsante kwa kunijulisha."

Tulifika kwa Mwenye Duka. Nyumba yake ikaandikwa. Kisha akatuzungusha nyuma, kwenye banda la mbuzi. Alikuwa amelifagia, ametundika pazia mlangoni na kuingiza kitanda.

"Na hii muiandike. Nyumba ya wageni."

Chini ya kitanda mgeni mmoja akakohoa. Beberu.

Sikucheka safari hii. Baba yao alifariki shemeji akiwa mdogo, na huyu kaka ndiye aliyemlea na kumsomesha. Akamsogelea, akashusha sauti. "Mlango mmoja tu, mdogo wangu. Nani alikuvalisha sare ya shule?"

Bwana Soksi alikuwa anajifanya anafuta miwani. Alielewa kila neno. Nami nilijua kwamba tukiondoka hapo na banda limeandikwa, basi hata zile nyumba za kweli zote hazitamsaidia shemeji.

"Ni wewe, kaka," alisema shemeji. "Ulinisomesha nijue kuhesabu. Mbuzi wako nimewahesabu, na hakuna hata mmoja mwenye simu ya kuchaji."

Akageuka akatoka. Bwana Soksi akavaa miwani, akawahi mlango wa jirani. "Hodi!"

Jioni ya siku ya mwisho walipanda tangi kutuma, watu wamejaa chini. Alama zikaanza kutawanyika kwenye simu, moja moja, mpaka nikaviona vichochoro vyetu jinsi ninavyovijua. Bwana Soksi akasimama ukingoni. "Nilisema nyumba hazipo," akapaza sauti. "Zipo. Nimezigonga mwenyewe. Ninaomba radhi kwenu wote, na kwa karani kwanza."

Wakapiga makofi, hata wale wa "kala". Mwenye Duka alikuwa amefunga duka na kujifungia ndani.

Siku hizi nguzo zinasimamishwa, na misingi yake namwaga mimi. Shemeji ameombwa aende visiwa vya jirani kufundisha makarani wenzake. Mwenye Duka alinuna wiki nzima. Juzi nimekwenda kununua misumari, nikamkuta anamsimulia mteja kwa majivuno.

"Mdogo wangu yule hahongeki. Nilimjaribu mimi mwenyewe. Nilitundika na pazia."

"Na mbuzi?" nikamuuliza.

"Mbuzi," alisema, bila hata kupepesa jicho, "walikuwa mashahidi."