Shofaji ya Lori la Mawese

Zabroni alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kabini, pua karibu na pedali, akinusa. Nyuma yake vibarua walikuwa wanaviringisha mapipa ya mawese kutoka Kigwena, wakiyapandisha kwenye lori kwa ubao. Alitakiwa aondoke Rumonge saa nne, afike Bururi kabla mvua haijafunga mlima.

"Bado iko?" aliuliza Aksanti, fundi kutoka Uvira, amesimama mlangoni na bisibisi.

"Bado. Panya tumemtoa, lakini harufu iko palepale."

Panya walimkuta saa moja asubuhi, amekauka ndani ya bomba la shofaji, ile mashine inayoleta hewa ya joto kabini. Zabroni alikuwa amefurahi sana kumwona, akidhani ndiye chanzo cha harufu. Huku chini ziwani hakuna dereva anayekumbuka kama lori lina shofaji. Juu mlimani ni habari nyingine. Ukungu unaganda kwenye kioo, na usipowasha shofaji huoni hata mtaro. Kwa wiki mbili, kila alipoiwasha, alisikia harufu: siku nyingine ya uozo, siku nyingine ya kitu kinachoungua. Na kichwa kilimgonga mpaka kesho yake.

Angeweza kuvumilia kichwa. Lakini Alhamisi iliyopita alikuwa amempakia Joanita, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Minago, mwenye mimba ya miezi saba. Tangu mazutu, yale mafuta ya dizeli, yapotee mabasi yalikuwa yamelala, na watu waliomba nafasi kwenye malori. Joanita alisinzia kwenye mwinuko. Zabroni alipomsemesha hakuitika. Alimtikisa bega, kichwa kikaanguka upande. Alisimamisha lori, akambeba mpaka kwenye majani, na huko kwenye upepo ndiko alikozinduka na kutapika. "Ni mimba tu, Baba Seth," alimwambia, akijifuta mdomo. Zabroni alikubali kwa mdomo tu.

"Tuinue kabini," alisema Aksanti.

Waliiinua, wakaiwekea gongo. Aksanti alikoroga sabuni kwenye kopo, akaipaka kwa brashi kwenye bomba la moshi, kuanzia linapotokea kwenye injini. Kisha akagusanisha nyaya za stata. Injini ilikohoa, ikashika. Povu likaanza kuchemka mahali pamoja, karibu na ukuta wa injini, likawa jeusi.

"Njo hapa. Tazama, muzee."

Ulikuwa ufa wa urefu wa kidole. Juu yake, kwenye sakafu ya kabini, mpira unaozunguka gia ulikuwa umeoza, umebaki uzi.

"Moshi inatoka huku, inapanda kwa tundu, shofaji inaivuta, inawapulizia nyinyi kwa uso," alisema Aksanti. "Na sikiliza. Ile harufu siyo inayoua. Ile inayoua haina harufu. Inatembea pamoja na hii yenye harufu."

"Unaweza kuziba?"

"Kuchomelea inataka umeme. Umeme haiko, siku ya tatu leo. Jenereta iko, mazutu ya jenereta haiko. Kununua kipya, ni kutuma Bujumbura, na kule nao wanangoja kitoke nje."

Zabroni alimpigia simu patro, Hyacinthe, mwenye lori. Alieleza taratibu: ufa, tundu, yule mama aliyezimia. Patro alisikiliza mpaka mwisho.

"Kontoroli tekiniki ilipita mwezi jana," alisema, akimaanisha ukaguzi wa gari. "Karatasi si unayo?"

"Ninayo, patro. Lakini hawakuinua kabini."

"Zabroni, fungua dirisha. Watu wa Bururi wanangoja mawese. Kama umechoka, sema. Madereva wamejaa hapa barabarani, wamekaa juu ya bidoni tupu za mafuta."

Simu ilikatika. Zabroni aliangalia ziwa kidogo. Alikuwa amerudi kutoka makambi ya wakimbizi ya Kigoma akiwa na vitu viwili, mke na leseni. Shamba la baba yake alilikuta na watu wengine.

Aksanti alikata kopo la nyanya, akalikunja juu ya ufa, akalifunga kwa waya. Akasokota kitambaa, akakisukuma kwenye tundu la gia. Walipoishusha kabini na kuwasha tena, Zabroni aliinama, akanusa. Hakusikia kitu.

"Imekwisha?"

"Harufu imepungua," alisema Aksanti, bila kumtazama. "Mimi siwezi kukuambia imekwisha. Usiwashe shofaji."

Joanita alikuwa ameshafika, vikapu vyake viwili vya ndagala vikiwa chini. Zabroni alimweleza yote, hata lile la moshi usio na harufu.

"Leo usipande, dada."

"Nitapanda nini?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Ndagala hizi zikipata unyevu, nitazimwaga. Nitakaa na dirisha wazi."

Kwenye kizuizi cha barabara ya Bururi, polisi aliomba karatasi. Zabroni alizitoa, kisha akashuka.

"Shefu, naomba ulisimamishe gari hili. Moshi unaingia kabini. Ukiandika wewe, patro atatengeneza."

Polisi alimtazama kama mtu anayeomba kupigwa. Alifungua kontoroli tekiniki, akasoma muhuri na tarehe. Akaingiza kichwa kabini, akavuta pumzi mara mbili.

"Mimi sisikii kitu. Na karatasi ziko sawa. Nikisimamisha gari yenye karatasi sawa, mimi ndiyo nitaulizwa."

"Inua kabini, shefu, utaona."

"Siyo kazi yangu kuinua. Endelea, unafunga njia."

Walipanda. Mpaka vilima vya kwanza hewa ilikuwa nzuri, madirisha yote yamefunguliwa, kitambaa cha kichwani cha Joanita kikipepea. Kisha mvua ikawakuta. Ilipiga kutoka pembeni, ikalowesha viti na vikapu. Joanita alifunga dirisha lake nusu, akafunika ndagala kwa kitenge chake, akabaki anatetemeka. Kioo kilianza kuwa cheupe. Zabroni alikifuta kwa mkono, Joanita akakifuta kwa mkono wa gauni, kikarudi cheupe. Zabroni alitoa kichwa nje, mvua ikamjaa machoni. Hapakuwa na mahali pa kuegesha. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na nyuma honi ya lori jingine.

Kona ilitokea ghafla. Gurudumu la mbele lilikwangua ukingo, mapipa yakagongana nyuma. Joanita alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

Zabroni aliwasha shofaji.

Hewa ya joto ilipanda. Kioo kilifunguka polepole kutoka chini, barabara ikaonekana. Alinusa. Hakukuwa na harufu yoyote.

"Joanita, weka uso dirishani. Na uongee. Usinyamaze."

"Niongee nini?"

"Chochote. Watoto wako."

Akaanza. Wa kwanza Benita, yuko darasa la saba, anapenda hesabu. Wa pili alifia Kabonga, kwa homa. Wa tatu Ibrahim, ana meno mabovu. Sauti yake ilikuwa inachelewa, maneno yakiachana. Mlima ulikuwa bado mrefu.

"Joanita."

Wipa zilikwenda na kurudi.

"Joanita."

"Niko, Baba Seth."

"Ongea."